Mbeleko Inayokubali Kushushwa: Mazungumzo na Kina Mama wa Wete, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, mabibi zangu wakunga mliotuzalisha na kutukanda, kina mama wenzangu, na nyinyi wanangu mlioketi mbele na watoto wachanga mapajani, nawashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze juu ya mbeleko, na hasa mbeleko ambayo mama anaweza kumnyonyeshea mwanawe akiwa njiani, sokoni, pwani kwenye mwani au chini ya mikarafuu, bila ya kumtua chini na bila ya kumfunga na kumfungua kila mara anapotaka kunyonya. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi ya uuguzi na ukunga, nimewaona kina mama wengi wakifunzwa namna ya kumweka mtoto kwenye ziwa wakiwa wameketi kitandani, lakini ni wachache mno niliowaona wakifunzwa namna ya kufanya hivyo pale wanapolazimika kuinuka kwenye kitanda hicho na kwenda kutafuta riziki.

Nianze na neno lenyewe. Katika ndoa zetu za Kiswahili, mbali na mahari, bwana harusi alikuwa akitoa vitu maalumu kwa wazazi wa bibi harusi: kilemba kwa baba, na kwa mama akatoa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo aliyojifunga tumbo baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo aliyomwelekea mwanawe. Wazee wetu walizihesabu nguo hizo mbili kuwa ni deni, kwa kuwa zilichakaa kwa ajili ya mtoto yule, na anayekuja kumchukua akiwa mtu mzima hana budi kuzirudisha. Mila iliyofikia kuiweka nguo ya kubebea mtoto ndani ya mambo ya ndoa haikuichukulia kuwa kitambaa cha kawaida, nami naomba leo tuichague kwa uzito huo huo.

Hata ile mikoba ya kubebea watoto inayoning'inia kwenye maduka ya Mchangani kule Unguja, yenye mikanda na vifungo vya plastiki, mizizi yake iko katika nguo kama hizi zetu. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyefanya kazi nchini Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona kina mama wa huko wakitembea na watoto waliofungwa kwa nguo, watoto waliotulia na wasiolia. Aliporudi kwao na kujifungua alitaka kufanya vivyo hivyo, lakini nguo ikawa inamteleza, basi yeye na mama yake wakashona mkoba wenye mikanda, na mwaka 1969 wakapata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi. Nchini Ujerumani, mwaka 1972, Erika Hoffmann aliyekuwa na watoto pacha alianza kuuza nguo ndefu za kufumwa baada ya kutumia rebozo, ambayo ni nguo ya wanawake wa Mexico. Mbeleko ya pete mbili, ile ambayo nguo hupitishwa kwenye pete na kuvutwa kama mkanda wa kiunoni, ilitengenezwa Hawaii mwaka 1981 na Rayner Garner. Nayataja haya ili pasiwe na binti hapa atakayeona haya kwa kuwa hana mkoba wa dukani.

Mimi mwenyewe niliwahi kuona haya hizo, na nilizilipia. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi miwili, nilizawadiwa mkoba wa aina hiyo, mpya, wenye sponji nene, nikauvaa kwa fahari siku niliyotoka Mkoani kwenda Unguja kwa boti. Ilikuwa kaskazi, joto la Februari ambalo nyote mnalijua, na watu walikuwa wamejaa hadi ngazini. Mtoto akataka kunyonya kabla hata hatujaondoka bandarini. Kifungo kikuu cha mkoba ule kilikuwa nyuma, katikati ya mabega, mahali ambapo mikono yangu haikufika. Na mikanda yake ilipita juu ya baibui kwa namna ambayo sikuweza kufungua kifua bila ya kuuvua wote. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Mama mmoja wa makamo, ambaye hata jina lake sikulipata, alinijia, akanisaidia kuuvua ule mkoba, akachukua doti yake ya kanga isiyokatwa, akamfunga mwanangu kifuani pangu kwa fundo moja, akamshusha kidogo, akanitengenezea sitara kwa upande uliobaki, na mtoto akanyonya. Yote hayo hayakuchukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Niliyojifunza siku ile kutoka kwa mama yule ndiyo niliyokuja kuwaambia: mbeleko ya kunyonyeshea ni ile inayokubali kushushwa na kupandishwa kwa mkono mmoja, huku uso wa mtoto ukiuona. Rangi, bei na jina la kiwanda ni mambo ya baadaye.

Kwa nini mkono mmoja? Kwa sababu mkono wa pili ni wa mtoto, nao hautakiwi kumwacha. Na kwa nini kushushwa na kupandishwa? Kwa sababu mahali salama pa mtoto kukaa na mahali ambapo ziwa lipo si mahali pamoja. Mtoto aliyebebwa vizuri kifuani hukaa juu, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya kidevu chako, kiasi cha kuweza kumbusu utosini bila ya kujikunja. Ziwa liko chini ya hapo, na kwa mwanamke aliyezaa mara kadhaa liko chini zaidi. Kwa hiyo kila anaponyonya ni lazima ateremshwe, na kila anapomaliza ni lazima arudishwe juu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24. Mbeleko ambayo kuilegeza na kuikaza ni kazi ya dakika 5 na watu wawili haitatumika kwa mama kama huyo. Atachoka nayo siku ya pili, ataitupa kabatini, na mtoto atabaki nyumbani na chupa.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila ya hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Sisi Waislamu tumeyasikia ya miaka 2 kamili katika Suratul Baqara, aya ya 233, tangu tukiwa chuoni. Lakini mama wa Makangale anayekwenda kufunga mwani wakati wa bamvua hakai nyumbani kwa miezi 6, wala mama anayeuza samaki au anayekwenda kuchambua karafuu msimu unapofika. Anayemwambia mama huyo asimpe mtoto hata tone la maji, kisha asimwonyeshe namna ya kwenda naye, amempa nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu.

Sasa nije kwenye mbeleko tulizozizoea. Kumweleka mtoto mgongoni kwa kanga ni jambo jema, na miguu yake inavyopanuka kuuzunguka mwili wa mama ni salama kwa nyonga zake. Wajapani walikuwa wakiwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooshwa. Mwaka 1975 walipoanza kuwafunza wazazi waiache ikunje na ipanuke, watoto wenye tatizo la nyonga walipungua sana. Bibi zetu hawakuhitaji kufunzwa hilo. Hata hivyo, mgongoni hakuna ziwa. Mama anayemweleka mtoto mgongoni akitaka kumnyonyesha hana budi kumfungua wote, amlete mbele, kisha amfunge upya, na katika daladala au katikati ya watu jambo hilo ni gumu. Zaidi ya hayo, msemo wetu unasema abebwaye hujikaza, nao ni wa kweli kwa mtoto wa miezi 6 anayejishika kwa magoti na mikono. Mtoto wa wiki 3 hawezi kujikaza. Shingo yake haina nguvu, na kichwa kikianguka mbele hana uwezo wa kukiinua. Huyo anahitaji nguo imkaze yenyewe, na anahitaji kuwa mahali ambapo macho yako yanamfikia. Mabibi zangu mtaniwia radhi, maana najua wengi wenu mliwaeleka wachanga mgongoni mara tu baada ya arubaini na wakakua salama. Lakini mimi nashauri mgongo usubiri hadi shingo iwe imara, na hadi wakati huo mtoto akae kifuani.

Kati ya zile zinazouzwa, ipo moja ambayo naomba msiichukue hata mkipewa bure: ule mfuko mpana wenye kitako kirefu, unaoning'inia begani kama mkoba wa sokoni, ambao mtoto hulala ndani yake akiwa amejikunja kama kamba wa baharini. Kwa nje unaonekana kuwa ndio unaofaa zaidi kunyonyesha, kwa sababu mtoto amekwisha kulala kwa upande kama tunavyompakata. Hatari yake ni kwamba mgongo wa mtoto unajipinda, kidevu kinaangukia kifuani, na njia ya pumzi ya mtoto mchanga, ambayo ni nyembamba na laini, inajifunga kimyakimya. Au uso wake unaegemea nguo au mwili wa mama na pua inaziba. Mtoto wa namna hiyo hapigi kelele. Mwezi Machi mwaka 2010, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo baada ya kubaini vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa na mbeleko za begani katika muda wa miaka 20, na 12 kati ya watoto hao walikuwa na umri wa chini ya miezi 4. Hawa ni watoto waliokuwa mikononi mwa watu waliowapenda. Kwa hiyo nitakaposema jambo la kidevu na uso mara ya pili na ya tatu, mnivumilie.

Mikoba ya vifungo siikatai yote. Ipo ambayo kifungo chake kiko ubavuni na mkanda wake wa begani hulegea kwa kuvutwa, na hiyo inaweza kumfaa mtoto aliyekua. Lakini inapika kwa joto, hukauka polepole inapofuliwa wakati wa masika, na ile ya mitumba mara nyingi vifungo vyake vimechoka bila ya kuonekana. Yenye kumtazamisha mtoto mbele, mgongo wake ukiwa kwenye kifua cha mama, haina msaada wowote katika kunyonyesha. Ile ya kitambaa cha jezi kinachovutika ni laini na wazazi wa mtoto wa kwanza huipenda, lakini ni ndefu mno, inaburura chini wakati wa kufunga, na mtoto akizidi uzito huanza kulegea kidogo kidogo. Basi na tuiache hapo.

Ninayoipendekeza mimi iko katika kila nyumba ya Pemba, isipokuwa tunaiharibu kwa mkasi siku ya kwanza. Kanga huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeungana, na doti hiyo kabla ya kukatwa ina urefu wa takriban mita 3 na upana wa mita 1 na kidogo. Kanga moja iliyokatwa ina mita 1 na nusu tu, nayo inatosha kuuzunguka mwili wa mama na kufunga fundo kifuani kwa mtoto wa mgongoni, lakini haitoshi kupita begani, kushuka mgongoni kwa mshazari, kutokeza chini ya kwapa na kumkumbatia mtoto mbele. Doti nzima inatosha. Kwa hiyo mkipewa doti katika zawadi za uzazi, nawaomba moja msiikate. Mpelekeeni fundi cherehani akunje pindo za pande mbili za mwisho tu, na mtakuwa na mbeleko ya kunyonyeshea. Mtoto atakapoacha kunyonya mtaikata, na mtapata kanga zenu mbili bila ya kupoteza kitu.

Kuhusu kitambaa, chagueni pamba tupu. Kanga zenye nyuzi za plastiki zinang'aa na rangi yake haichuji upesi, lakini zinateleza, na fundo lililofungwa kwa nguo inayoteleza silo fundo la kuwekea mtoto. Tena hazinyonyi jasho, na mtoto aliyebanwa kifuani wakati wa kaskazi hupata vipele vya joto. Mtoto akifikia kilo 7 au 8, kanga huanza kukata begani kwa wembamba wake, na hapo bora kuhamia kwenye kikoi kizito cha kufumwa au kitenge cha pamba cha yadi 3 hadi 4. Iwe kanga au kitenge, kifuliwe mara mbili au tatu kabla ya kutumika, kwa sababu kikiwa kipya kina uwanga unaokifanya kigumu, nacho hakimshiki mtoto kwa kuufuata mwili wake, na kwa sababu mtoto atakinyonya kile kitambaa pamoja na rangi yake. Kila kabla ya kufunga, kitazameni kwenye mwanga: kanga iliyochoka huonyesha nyuzi zilizoachana kabla haijachanika, na mahali hapo ndipo itakapochanikia.

Anayetaka mbeleko ya pete anaweza kushonewa hapa hapa Wete, kwa kitambaa cha mita 2 kilichokunjwa begani na kushonwa mistari mitatu kwa uzi imara. Jambo la kuangalia ni pete. Ziwe mbili zilizo sawa, zisizo na kiungo wala alama ya kuchomelewa, na kubwa kiasi cha kupitisha nguo yote. Pete za mapazia na za mikoba ya mkononi hazikutengenezwa kwa ajili ya uzito wa mtu, nazo hufunguka pale zilipoungwa. Asiyepata pete za kuaminika afunge fundo, maana fundo linajulikana lilivyo.

Namna ya kufunga nitawaonyesha kwa vitendo, lakini nieleze ili mwenye kusoma baadaye apate kuelewa. Doti hupita bega moja, mgongoni kwa mshazari, ikatokeza chini ya kwapa la upande wa pili. Mwisho mmoja unauzunguka mwisho mwingine na kufunga fundo la kitanzi, ambalo huteleza juu ya nguo iliyonyooka, na fundo hilo hukaa chini kidogo ya mtulinga. Mwisho unaoning'inia ufungwe fundo dogo la kuzuia, ili kitanzi kisichopoke. Mtoto huingia akiwa wima, tumbo lake likielekea tumbo lako. Nguo imshike kutoka kikunjo cha goti moja hadi kikunjo cha goti la pili, magoti yakiwa juu kuliko makalio, na upande wa juu ufike kwenye shingo yake bila ya kukifunika kichwa. Kisha unamkaza kwa kuvuta mwisho ulionyooka mpaka asiwe na nafasi ya kuporomoka. Ukiinama kidogo huku umemshika, asiachane na kifua chako.

Anapotaka kunyonya, na dalili zake mnazijua, kugeuza kichwa, kufungua mdomo na kula ngumi kabla kilio hakijaanza, basi unamshika makalio kwa mkono mmoja, unalisukuma fundo ili nguo ilegee, na unamteremsha akiwa bado yu wima au amelala mshazari kidogo, hadi mdomo ufike usawa wa chuchu. Kichwa, shingo na mgongo viwe mstari mmoja. Asinyonye akiwa amegeuza shingo. Kidevu kiguse ziwa, pua iwe wazi, na mkono wako uishike shingo na mabega yake, usikisukume kichwa. Kitambaa kisipite juu ya ziwa na kulibana, kwa sababu ziwa linalobanwa kwa muda mrefu huziba mishipa yake ya maziwa, likavimba na kuuma, na mama akapata homa. Muda wote anaponyonya, mkono mmoja ubaki kwake na jicho liwe usoni pake. Wapo wanaowaambia mabinti kwamba mbeleko nzuri ni ile inayokuwezesha kunyonyesha na kufanya kazi kwa mikono yote miwili. Kwa mtoto ambaye shingo yake haijakaza, naomba msilikubali neno hilo. Mbeleko inapunguza uzito mkononi, lakini haichukui nafasi ya mama. Tueni ndoo, kaeni kwenye jamvi au kizingitini, anyonye, kisha mwendelee.

Na akimaliza, arudi juu. Hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu mtoto aliyeshiba hulala, na mama humwonea huruma kumwamsha. Lakini mtoto aliyelala akiwa chini, mdomo ukiwa bado kwenye ziwa na nguo ikiwa imelegea, ndiye yule yule wa mfuko niliousema, kidevu kifuani na uso umefichika. Mpandisheni, vuteni mwisho wa nguo, kisha pitisheni vidole viwili chini ya kidevu chake: vikipita, njia ya pumzi iko wazi. Mwenye mafua mazito anyonyeshwe nje ya mbeleko hadi pua ifunguke. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, mama yake aulize kwanza kwa muuguzi; huyo kwa kawaida huwekwa kwa njia ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya maziwa mawili, njia iliyoanzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978 katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa mashine za kuwapa watoto joto, na ambayo sasa hutumika duniani kote. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aangalie kwamba kitako cha mtoto na ukingo wa nguo havikai juu ya mshono.

Sasa nizungumze juu ya sitara, kwa kuwa najua ndiyo inayowafanya wengi wamkatae mtoto ziwa mbele za watu. Doti isiyokatwa huacha kipande kirefu kinachoning'inia baada ya fundo, na kipande hicho kikitandazwa kutoka begani kinafunika kifua chote bila ya kuhitaji nguo nyingine. Vaeni baibui la kufunguka mbele, na mbeleko ifungwe juu ya nguo ya ndani, chini ya baibui, kisha baibui liachwe wazi upande wa mtoto. Kumfunga mtoto na kumfunikiza baibui lililofungwa vifungo hadi juu, na mtandio juu yake, ni kumweka ndani ya chungu. Sitara ni ya kifua cha mama, nayo imo ndani ya haki yetu. Uso wa mtoto hauhitaji sitara, unahitaji upepo. Wanaume waliopo hapa, na mmoja wao ni Mheshimiwa Sheha, watusaidie kwa kuinamisha macho na kutuachia kiti cha kivulini, badala ya kutupelekea mabinti zetu nyuma ya nyumba palipo na moshi na joto.

Safarini kuna mambo mawili. Katika daladala inayotembea, mtoto asinyonyeshwe akiwa amefungwa, kwa sababu gari hufunga breki ghafla na uzito wa mama wote humwangukia mtoto. Subirini kituo, au shukeni, na kama njia ni ndefu mwombeni dereva asimame. Na katika boti, naomba mbeleko yenu iwe ya kufunguka kwa mvuto mmoja. Kisiwa hiki kinaikumbuka Septemba ya mwaka 2011, ilipozama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, na sina haja ya kuwahadithia watu wa Pemba jambo hilo. Jaketi la kuokolea halivaliwi juu ya mtoto aliyefungwa kifuani. Mama anayepanda boti ajaribu bandarini, kwa mkono mmoja, kwamba anaweza kulifungua fundo lake kabla hajahesabu hata pumzi 10. Asipoweza, alifunge upya. Mafundo mawili yaliyokazwa kwa nguvu, moja juu ya jingine, hayafai majini.

Jikoni, mbele ya mafuta ya moto au kuni, mtoto asiwe kifuani kabisa. Pwani kwenye mwani, nguo iliyolowa maji ya chumvi inakuwa nzito na fundo lake haliteremki, kwa hiyo mwende na doti ya pili kavu ndani ya pakacha, na mtoto anyonye ufukweni penye kivuli, kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka.

Nimekuja na doti 4 ambazo hazijakatwa, zimefuliwa, na mfuko wa mchele wa kilo 5 ambao uzito wake unakaribia ule wa mtoto wa mwezi mmoja na zaidi. Tuanze na mchele. Kila binti afunge, ashushe, apandishe, apitishe vidole viwili, afungue kwa mvuto mmoja, kisha arudie mara 3 huku mabibi zetu wakimwangalia mgongo na bega. Baada ya hapo, yule mama wa Limbani mwenye mtoto wa wiki 7, ambaye naona ameanza kula ngumi tangu nilipokuwa nikizungumza habari za pete, naomba asogee hapa mbele, akae kwenye kiti hiki karibu na dirisha.